Udongo wa kusafishia rangi ya gari: namna ya kuuchagua na kuupitisha bila kuikwaruza boneti

Osha gari, likaushe, halafu vaa mfuko wa mkate mkononi. Mifuko ya rambo tuliagana nayo Tanzania Juni 2019, lakini ule mwembamba unaokuja na mkate wa kukatwa bado uko jikoni, na kwa kazi hii hakuna mzuri kama huo. Papasa boneti kwa ncha za vidole, taratibu, bila kukandamiza. Rangi ikiwa safi kweli, mkono unateleza kama uko juu ya kioo. Isipokuwa safi utasikia vipele vipele, kama umeshika msasa uliochakaa. Kwa mkono mtupu usingevisikia vyote, nailoni inavikuza.

Vipele hivyo sabuni haivitoi, hata ungeosha gari kutwa mara tatu. Ukipaka nta juu yake unavifunika tu, na nta yenyewe haikai muda mrefu kwa sababu haikushika rangi, imeshika uchafu. Hapo ndipo udongo unapoingia.

Si udongo wa mfinyanzi, wala ule wa kutafuna unaouzwa sokoni kwa vifungu. Ni kitu cha kiwandani, kinafinyangika kama plastisini ya watoto, ila ndani yake kumechanganywa unga laini sana wa kusugulia. Asili yake ni Japani. Hataza za Marekani za mvumbuzi Tadao Kodate ni za miaka ya 1990, na tangu hapo kampuni kubwa za vifaa vya magari zimekuwa zikiuuza kwa watu wa kawaida. Dukani ukiuliza udongo wa rangi wengine watakushangaa. Uliza klei.

Unavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Unalowanisha rangi kwa maji yenye utelezi, unapitisha kipande cha udongo juu yake. Udongo unaelea juu ya maji, hivyo pale rangi ilipo safi haugusi sana kitu. Unapokuta punje iliyojitokeza, unaigonga, inang'oka, inanasa kwenye udongo. Kwa hiyo haufuti mikwaruzo, hauondoi alama ambayo kinyesi cha ndege kimekwisha kuila rangi, wala haung'arishi rangi iliyopauka. Unang'oa kilichokaa juu, basi. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia.

Jua kwanza kilichoganda

Watu wengi hukimbilia udongo kwa kila doa, na hapo ndipo wanapojichosha na kuiumiza rangi. Udongo uwe wa mwisho. Kila kinachoweza kuyeyuka kwa dawa kiyeyushe kwanza, ili ukifika wakati wa kusugua ubaki na kidogo cha kusugua.

Lami utaiona chini ya milango na nyuma ya matairi: vidoa vyeusi vinavyong'aa kidogo. Ukifuata barabara inayotengenezwa, hata kilomita mbili tu, utarudi navyo. Paka dawa ya kutoa lami kwa kitambaa, acha dakika moja au mbili, futa bila kusugua. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa nayo huyeyusha lami, ila yaoshe mara moja kwa shampuu, yasikae kwenye raba wala plastiki. Utomvu wa mti, kama gari linalala chini ya mwembe, unalegea kwa maji ya moto na spiriti kidogo, mradi ukiwahi.

Chuma ndicho kinachowachanganya wengi. Gari jeupe, mwaka wa tatu au wa nne, linaanza kuota vidoa vidogo vya kahawia, kama mtu amelipulizia chai. Mwenye gari anakuja amenywea: bodi inaoza. Haiozi. Mtazame anakoegesha. Mara nyingi utakuta jirani kuna fundi wa mageti, na grenda yake inarusha cheche siku nzima. Cheche ni chembe za chuma zilizoungua. Zinatua kwenye rangi zikiwa za moto, zinajichimbia kidogo, kisha mvua na hewa ya chumvi ya pwani zinazifanya ziote kutu. Kinachooza ni chembe. Vumbi la breki hufanya vilevile, hasa kwenye rimu na ubavuni, na magari yaliyokaa karibu na reli hupata ya kwao.

Kwa chuma kuna dawa maalumu ya kupuliza. Ni maji maangavu, lakini yakikutana na chuma yanageuka zambarau na kuanza kuchuruzika mlangoni kama machozi. Mara ya kwanza unaweza kusimama kutazama tu. Harufu yake ni ya mayai viza yaliyochanganyika na dawa ya kukunjia nywele ya saluni, na si ajabu, kemikali zake ni ukoo mmoja. Vaa glovu, fanya kivulini, isikaukie kwenye rangi, suuza kwa maji mengi. Ikifanya kazi yake vizuri, nusu ya vipele vimekwisha kabla hujafungua pakiti ya udongo.

Fundi huyohuyo wa mageti akimaliza kuchomelea anapuliza rangi nyeusi, upepo unaleta ukungu wake kwako. Hiyo dawa ya chuma haiigusi. Ni kazi ya udongo, na ni kazi ambayo udongo unaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Saruji iliyoganda ni habari nyingine: usijaribu kuing'oa kwa udongo, utaburuza kokoto juu ya rangi.

Kununua

Udongo huuzwa kwa ukali: laini, wa kati, mkali. Rangi ya udongo isikudanganye. Kampuni nyingi hufanya wa buluu kuwa laini na mwekundu kuwa mkali, lakini si sheria, na nimewahi kushika wa buluu uliokuwa na ukali wa msasa. Soma pakiti.

Kwa gari la nyumbani nunua laini. Narudia kwa sababu wauzaji wa vipuri wa Gerezani hapa Dar na hata wa Kirinyaga Road kule Nairobi watakushawishi uchukue mkali "unamaliza kazi haraka". Ni kweli unamaliza haraka, kisha unabaki na ukungu wa vikwaruzo ambao lazima uutoe kwa polishi na mashine. Wa kati ni kwa gari lililopuuzwa miaka mingi. Mkali ni wa fundi ambaye kupolishi gari zima kumeshapangwa kwenye kazi yake. Tena kumbuka unachosugua ni chembamba kiasi gani: rangi yote ya kiwandani, kuanzia msingi mpaka klia (lile tabaka angavu la juu kabisa), kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 tu (maikroni elfu moja ni milimita moja), na klia yenyewe ni kama 35 hadi 50. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo klia.

Vipande vingi ni vya gramu 50, 100 au 200. Gramu 100 zinatosha gari dogo mara kadhaa. Usinunue usio na jina uliofungwa kwenye nailoni tupu. Sisemi kwamba wote ni mbaya, ila hujui ukali wake, na boneti si mahali pa kujaribia. Ukiwa na hela kidogo, chukua udongo wa bei ya kawaida na iliyobaki uiweke kwenye taulo nzuri za maikrofaiba. Mikwaruzo mingi inayolaumiwa udongo imeletwa na taulo.

Kuna pia glovu na taulo zenye utando wa mpira unaofanya kazi ya udongo. Zinakwenda haraka, zinadumu kwa magari mengi, na zikianguka chini unazisuuza na kuendelea, kitu ambacho udongo hauruhusu. Anayeosha magari kama biashara anazihitaji. Mimi kwa gari la rangi nyeusi bado nachukua udongo, kwa sababu vidole vinasikia kila kinachopita chini yake. Kwenye glovu unakisia. Ukinunua glovu mpya, ianzie kwenye kioo cha mbele dakika chache, ule utando wa juu ulainike.

Maji ya utelezi

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kunyooka. Udongo bila utelezi unang'ang'ania rangi, unaacha alama za mafuta mafuta, na ukilazimisha unakwaruza. Pakiti nyingi huja na chupa ya kupulizia. Ni nzuri, ila inaisha kabla hujafika mlango wa pili, hasa Dar ambako inakauka ukiitazama. Tengeneza yako: shampuu ya gari ndani ya maji safi, kama mara mbili ya kipimo unachotumia kuoshea, kwenye chupa ya kupulizia. Tengeneza lita mbili na usione uchungu kuzimimina. Sabuni ya unga hapana. Ya vyombo pia mimi siitumii, inakauka haraka na haina utelezi wa kudumu. Spiriti isiingie kabisa, inaulegeza udongo mpaka unaacha mabaki. Wapo wanaotengeneza udongo wa kutumia maji matupu, kwa mfano Bilt Hamber wa Uingereza, lakini kama pakiti yako haisemi hivyo, usijaribu.

Siku yenyewe

Chagua asubuhi mapema au jioni jua likishapoa, na gari liwe kivulini. Weka kiganja kwenye boneti: ikiwa huwezi kukiacha hapo kwa raha, ni ya moto mno, subiri. Osha gari lote kwa shampuu na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Mchanga wowote utakaobaki ndio utakaousaga juu ya rangi. Kisha dawa ya lami, dawa ya chuma, suuza tena. Huna haja ya kukausha.

Kata udongo vipande vitatu au vinne. Chukua kimoja, kikande mpaka kilainike, kibonyeze kiwe bapa, upana wa vidole vitatu na unene wa nusu sentimita hivi. Walio Njombe au Nairobi mwezi wa saba watakuta udongo mgumu kama jiwe; utumbukize kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Sisi wa pwani shida yetu ni kinyume, unalegea na kunata vidoleni, basi uweke kwenye bakuli la maji ya baridi kila unapopumzika.

Anza na paa, kwa sababu ndilo safi kuliko sehemu nyingine na utajifunzia hapo bila hasara. Puliza eneo dogo, kama futi mbili kwa mbili, lilowe mpaka maji yateremke. Puliza na udongo wenyewe. Uweke juu ya rangi, uushike kwa vidole vilivyonyooka, na uusogeze mbele na nyuma kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Alama ikibaki kwenye mstari, utaiona ukiwa upande mmoja tu. Ya mduara inaonekana kila jua linapoipiga.

Usikandamize. Nguvu inayotosha ni ile ya kuzuia udongo usianguke. Nikimfundisha kijana namwambia aushike kwa vidole viwili tu, kimojawapo kiwe cha pete, kwa sababu hicho hakina nguvu ya kuharibu. Mwanzo utasikia mkwaruzo mdogo, udongo unasitasita, kama unatembea na kandambili kwenye mchanga. Baada ya kupita mara nne, tano, sauti inapungua. Mkono unapoanza kuteleza kimya, eneo hilo limekwisha. Usiongeze hata mara moja kwa ajili ya uhakika. Ukiona unasitasita bila kuacha, si kwamba uchafu ni mkaidi. Mara nyingi maji yamekauka. Puliza.

Geuza udongo uutazame. Hapo ndipo watu wanapoamini: gari lililokuwa liking'aa machoni limeacha michirizi ya kahawia na nyeusi. Ukunje, uukande mpaka upande safi utokee, endelea. Kila eneo moja au mawili, kunja. Futa paneli kwa maikrofaiba safi, pitisha mfuko wa mkate, kisha hamia pengine: boneti, buti, juu ya milango. Chini ya milango na bampa ya nyuma ni za mwisho, na uzifanye kwa kipande kilichochoka, usikirudishe juu tena.

Taa za mbele zinaruhusu, ila unjano wake hautatoka. Kioo cha mbele kinapenda sana udongo. Waipa inayoruka ruka na kulia kwenye mvua mara nyingi haina kosa, kioo ndicho kina filamu ya mafuta na vumbi. Kipande cha kioo kiwe cha kioo tu.

Ukianguka chini, umekufa

Udongo unaoanguka chini tupa. Hata kama ulianguka kwenye kapeti, hata kama umebaki nusu pakiti, hata kama umeushika kabla haujatulia. Mchanga unaingia ndani na hauonekani.

Naandika haya kwa sababu nilijidai. Harrier nyeusi ya shemeji ilikuwa ibebe maharusi Jumamosi, nikaichukua Ijumaa jioni niitendee haki. Karibu na mwisho kipande kikanichoropoka, kikatua kwenye paving. Kilikuwa cha mwisho. Nikakisuuza chini ya bomba, nikakikunja, nikakitazama, nikaona kisafi. Mpito wa kwanza ulitoa sauti ambayo sijaisahau, nyembamba, kama msumari kwenye sahani. Mistari mitatu, urefu wa kalamu, katikati ya boneti. Asubuhi shemeji akainama, akapitisha kidole.

"Shemeji, hii ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

Maua ya harusi yalifunika miwili. Wa tatu unaonekana kwenye picha hadi leo, na fundi wa polishi nilimlipa mimi. Ndiyo maana nakata vipande vitatu au vinne: kimoja kikianguka, hupati kishawishi.

Mahali pa kuacha

Rangi isiyo na mng'ao, ile ya mati, usiiguse, utaitengenezea mabaka yanayong'aa. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi na raba za madirisha, ruka. Udongo unaacha mabaki humo yanayokauka meupe. Rangi iliyopigwa karibuni iachie mwezi mzima, na muulize aliyeipiga, yeye ndiye anajua alichochanganya.

Klia iliyoanza kubanduka, kama unavyoona kwenye mapaa ya magari mengi yaliyokaa juani miaka 15, achana nayo kabisa. Udongo utanasa ukingo na kuendelea kuimenya mbele yako. Gari kuukuu lenye rangi isiyo na klia litapaka rangi yake kwenye udongo, kipande kikawa chekundu kama gari. Hiyo si ajali, lakini nenda kwa wepesi zaidi.

Baada ya hapo

Suuza, osha kwa shampuu mara moja, kausha. Sasa rangi iko uchi: udongo umeondoa uchafu, umeondoa na nta iliyokuwepo. Usiliache gari hivyo hadi wiki ijayo. Litazame chini ya tochi ya simu. Kama kuna ukungu wa vikwaruzo vidogo, hasa kwenye nyeusi na buluu iliyoiva, polishi nyepesi kwa mkono au mashine inautoa. Kama hauonekani, ruka polishi, nenda moja kwa moja kwenye nta au silanti, yaani kinga ya kiwandani inayofanya kazi ya nta. Tabaka jembamba sana, liwe ukungu tu, acha likauke kama pakiti inavyosema, futa.

Ukiuliza urudie lini, jibu liko kwenye mfuko wa mkate. Gari la mjini linalolala nje kwa kawaida mara moja au mbili kwa mwaka. La gereji linaweza kukaa zaidi. Anayekuambia kila mwezi ana pakiti nyingi za kuuza.

Kipande kilichobaki kipulizie maji kidogo ya utelezi, kifunge kwenye nailoni, kiweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na jua. Kisiachwe kwenye dashibodi. Ukikikunja na kukuta kijivu hadi ndani, hakina upande safi uliobaki: kitumie mara ya mwisho kwenye kioo cha mbele, ukitupe.